Kulinda Ovari za Wanawake Wenye Umri Mdogo Wanaotibiwa Saratani ya Mlango wa Kizazi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania, na baadhi ya wagonjwa hawajatimiza miaka 40. Kwa hao, tiba inapaswa kuondoa ugonjwa na, inapowezekana, kulinda ovari. Ovari hutunza mayai na kutoa homoni ya istrojeni. Zikikoma mapema, mwanamke hupata joto la ghafla, ukavu wa uke na kukosa usingizi. Baadaye mifupa hudhoofika na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka.

Katika hatua za awali tiba kuu ni upasuaji. Saratani ya seli bapa husambaa kwenye ovari kwa nadra katika hatua hizo, chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Hivyo kizazi kinaweza kuondolewa na ovari zikaachwa. Adenokasinoma husambaa zaidi, na uamuzi wake huhitaji tahadhari.

Ugonjwa uliosonga mbele hutibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Mionzi ya nje ya nyonga kwa kawaida hufikia Grei 45 hadi 50, ilhali kiasi kisichozidi Grei 2 huweza kuua nusu ya mayai. Kwa mgonjwa anayefaa, ovari huhamishwa kabla ya mionzi hadi pembeni mwa tumbo, juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, zikiwa na mishipa yake ya damu. Vibanio vya metali huwekwa ili mtaalamu wa mionzi azitambue pichani na kuziepusha. Hata hivyo, si kila ovari iliyohamishwa huendelea kufanya kazi, na upasuaji huo haupaswi kuchelewesha tiba.

Mgonjwa aelezwe bayana kwamba kuhamisha ovari hakurejeshi uwezo wa kubeba mimba, kwa kuwa mionzi hudhuru kizazi chenyewe.

Ovari zikikoma, mgonjwa wa saratani ya seli bapa anaweza kupewa homoni mbadala hadi takriban umri wa miaka 50. Mwenye kizazi, hata kilichopigwa mionzi, huongezewa projestini.

Mhudumu wa afya, zungumzia jambo hili kabla ya tarehe ya mionzi kupangwa. Nawe mgonjwa, usione haya kuuliza: “Je, ovari zangu zitakuwaje?” Mionzi ikishaanza, nafasi ya kuzihamisha huwa imepita.