Jua la Dar Kwenye Simu Yako: Vidokezo 6

Simu unayo, ufukwe uko jirani kwa bodaboda, na jua halina kiingilio. Mbona basi picha nyingi za machweo zinafanana? Duara la njano katikati, maji chini, basi! Jua peke yake halitoshi kuwa picha. Linataka kitu cha kuangazia. Twende kazini.

1. Kwanza, chagua upande
Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo Coco Beach, Mbezi Beach na Kunduchi ni za alfajiri. Jioni, ukiwa Coco, jua linazama nyuma yako, juu ya mapaa ya Oysterbay. Hamia upande wa pili wa rasi, kule Slipway, uitazame ghuba ya Msasani. Na nyie wa Temeke? Pandeni pantoni hadi Kigamboni, kisha geukeni mtazame mlikotoka: jua linashukia upande wa mjini, kwenye maghorofa. Ila upande wa Magogoni Ikulu iko jirani, hapo simu ikae mfukoni.

2. Litangulie jua
Huku karibu na ikweta jua halichelewi, linapanda na kushuka karibu wima, na rangi nzuri hudumu kama dakika 20 tu. Julai linachomoza saa 12 na dakika 35 hivi asubuhi. Novemba hata saa 12 haijafika. Jioni linazama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 hivi, kutegemea mwezi. Fika nusu saa kabla, uchague pa kusimama bila haraka.

3. Tafuta ngalawa!
Hapa ndipo picha inapopatikana. Nenda Kunduchi wavuvi wanaporudi, weka chombo kimoja kati yako na jua, na umbo lake jeusi litasimama vizuri mbele ya anga la rangi ya chungwa. Chombo kimoja kinatosha. Vikiwa kumi macho hayajui pa kutua. Sasa chuchumaa. Ndiyo, hadi magoti yaguse mchanga! Simu ikishuka chini, mlingoti na tanga vinapanda juu ya mstari wa bahari badala ya kumezwa na maji. Maji yakipwa ni raha zaidi, kwa sababu madimbwi yanayobaki mchangani hubeba anga zima: sogeza simu karibu kabisa na dimbwi upate jua mara mbili. Saa ya maji kupwa hubadilika kila siku, basi muulize mvuvi, anaijua kuliko programu yoyote. Huna ufukwe karibu? Mikoko ya Mtoni Kijichi inafanya kazi hiyo hiyo, na hata mnazi mmoja nyuma ya nyumba yenu Mbagala.

4. Nyoosha bahari
Washa gridi kwenye mipangilio ya kamera. Mstari wa bahari ukae juu ya mojawapo ya mistari hiyo, usipite katikati. Mawingu yamependeza? Lipe anga theluthi mbili. Mchanga ndio una mambo? Upe wenyewe.

5. Gusa, shusha
Gusa kioo pale penye jua, kisha telezesha kidole kupunguza mwanga mpaka rangi zirudi. Sekunde mbili tu! Na usivute picha karibu kwa vidole; tembea.

6. Usikimbilie daladala
Jua likishazama, subiri kidogo: mawingu mara nyingi huiva wakati huo, wengine wakiwa wameshaondoka. Asubuhi fanya kinyume, lipe jua mgongo. Mwanga ule laini unawaangukia wachuuzi wa samaki na ndoo zao, na nyuso zinang'aa bila kichujio chochote. Omba ruhusa kwanza, piga, kisha mwoneshe mwenyewe. Akiipenda, mtumie hapo hapo.