Tawi Tofauti Si Benki Tofauti: Elimu ya Bima ya Amana kwa Wakazi wa Kibamba



Tangu barabara ya Morogoro ipanuliwe, viwanja vya Kibamba, Kwembe na Mloganzila vimepanda bei, na anayeuza kimoja huondoka na fedha nyingi kwa mkupuo. Malalamiko ya wanaoweka fedha hizo benki yanafanana: "Nilidhani serikali inalinda zote." Hailindi zote. Soma kijitabu hiki kabla hujasaini fomu yoyote ya benki.

Bodi ya Bima ya Amana hulipa fidia pale Benki Kuu inapofuta leseni ya benki. Mwaka 2023 kiwango cha juu cha fidia kilipandishwa kutoka shilingi 1,500,000 hadi shilingi 7,500,000. Ni hatua kubwa, na mwenye akiba ndogo sasa analindwa kwa ukamilifu. Huombi bima hii wala huilipii. Benki ndiyo huchangia.

Zingatia sana hapa. Kiwango hicho ni kwa kila mwenye amana katika kila benki. Hakihesabiwi kwa kila akaunti wala kwa kila tawi. Chukua mama aliyeuza kiwanja kwa shilingi 30,000,000. Akaweka 10,000,000 tawi la Kibamba, 10,000,000 tawi la Mbezi na 10,000,000 tawi la Kariakoo, benki ileile. Moja akaiita akaunti ya akiba, nyingine ya biashara, ya tatu ya muda maalumu. Anaamini amegawa. Hajagawa kitu. Benki hiyo ikifungwa, akaunti zote tatu zinajumlishwa na bima inamlipa 7,500,000. Zile 22,500,000 zinabaki kwenye ufilisi, na atakachopata kinategemea mali za benki zitakazouzwa na madeni yatakayokusanywa. Anaweza kusubiri miaka, na asipate zote.

Angeziweka kwenye benki nne tofauti, 7,500,000 kila moja, kila shilingi yake ingekuwa ndani ya bima. Tunarudia kwa sababu hili ndilo linalopuuzwa: matawi manne ya benki moja ni benki moja.

Wapo wanaosema benki haifi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja kwa upungufu wa mtaji: Covenant, Efatha, Njombe Community Bank, Meru Community Bank na Kagera Farmers' Cooperative Bank. Mbili za kwanza zilikuwa na makao makuu hapa Dar es Salaam. Miezi michache kabla, Mei 2017, zilikuwa zimefungwa FBME na Mbinga Community Bank. Wakati huo ukomo wa fidia ulikuwa 1,500,000. Mwenye milioni ishirini alipanga foleni sawa na mwenye milioni mbili, na bima ikawapa kiasi kilekile.

Jambo jingine, ambalo hata waangalifu hulisahau: benki huungana. Mwaka 2018 Twiga Bancorp na Benki ya Wanawake ziliunganishwa na TPB, ambayo leo ni TCB. Hakuna aliyepoteza fedha. Lakini aliyekuwa na amana kwenye zote tatu, akijua amezigawa, alijikuta na benki moja. Ukisikia benki zako mbili zinaungana, piga hesabu upya siku hiyohiyo.

Kuhusu akaunti za pamoja, za kampuni na za vikundi, masharti yapo na benki yako inawajibika kukueleza. Fedha zilizowekwa kwenye VICOBA na SACCOS zenyewe, si benki, haziko chini ya bima hii.

Unapofungua akaunti, tumia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Benki moja ukiandikwa Mwanaidi na nyingine Mwanahidi, siku ya malipo utaanza kutafuta viapo. Tunza kadi na risiti. Andika pia majina ya benki zako kwenye karatasi, umpe mtu mmoja wa familia unayemwamini, bila namba ya siri. Akaunti zikiwa nyingi na mwenyewe akafariki, familia huhangaika na mirathi bila kujua hata pa kuulizia. Na kabla ya kufungua, uliza makato ya mwezi. Akaunti nne ni makato manne, na hilo lisikufanye urudishe hela chini ya godoro.

Mwisho, onyo kali. Hakuna afisa wa bima ya amana atakayekupigia simu akuombe ada ya kusajili fedha zako, wala namba ya siri, wala akuambie "hamishia akiba kwenye akaunti salama". Anayekuambia hivyo ni mwizi, hata akikutajia jina lako kamili na tawi lako. Kata simu. Usitume hata shilingi mia. Wasilisha namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, kisha nenda mwenyewe kwenye tawi lako uangalie salio.