Gitaa la Besi: Watu Hufikaje Huko Nyuma ya Jukwaa?

Natumaini baridi ya hapa Uingereza haijawagandisha vidole, maana leo tutavihitaji.

Bendi ya jumuiya yetu ina wapiga gitaa wanne. Wanaotaka kupiga solo ni hao hao wanne. Mimi niko kwenye besi, na mwezi wa Juni namaliza kozi narudi nyumbani. Hadi naandika haya hakuna aliyejitokeza kunirithi. Juzi nilimgusia mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, akanijibu, "Kaka, besi si anapewa yule aliyeshindwa solo?" Nilicheka, ila neno lenyewe likanikaa kichwani. Je, ni kweli? Hawa wapiga besi wakubwa tunaowasikia, wao walifikaje pale? Nimefuatilia historia za baadhi yao, na nilichokuta ndicho somo la leo: wengi hawakuanza kwa kuichagua besi. Walikuta pengo, wakaliziba, halafu wakagundua kwamba wao ndio wameshika usukani.

Kwanza tujue chombo chenyewe

Besi ya kawaida ina nyuzi nne. Zinatyuniwa E, A, D na G, yaani noti zilezile za nyuzi nne nene za gitaa tulilolizoea, ila sauti yake iko chini kwa oktavu moja. Kabla yake, kazi hiyo ilifanywa na lile fidla kubwa la kusimama, ambalo wenzetu wa Unguja wanalifahamu vizuri kwenye taarab ya asili. Ubaya wake ni kwamba kulibeba ni shughuli, na likiwekwa katikati ya vyombo vya umeme linamezwa.

Mwaka 1951 Leo Fender wa California akaingiza sokoni besi ya umeme aliyoiita Precision Bass. Akaiwekea freti, vile vyuma vidogo vya kwenye shingo, ili mpigaji apate noti sahihi bila kukisia. Hapo mambo yakabadilika. Mtu aliyejua gitaa aliweza kuivaa begani na kuanza kazi. Mlango ukawa wazi hata kwa watu ambao hawakuwa na mpango wowote na besi.

Njia ya kwanza: mwenzako hayupo

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Paul McCartney. Kwenye Beatles alikuwa anapiga gitaa na piano. Mpiga besi wao alikuwa Stuart Sutcliffe, ambaye mwaka 1961 aliamua kubaki Hamburg, Ujerumani, kwa mchumba wake na masomo yake ya sanaa. John Lennon na George Harrison hawakuwa na haja ya kuacha magitaa yao. Basi mzigo ukamwangukia Paul. Akanunua pale pale Hamburg besi ya Höfner yenye umbo la fidla, na kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto, umbo lile lililo sawa pande zote lilimfaa. Leo huwezi kuzisimulia nyimbo zao bila kuitaja besi yake.

Carol Kaye naye alikuwa mpiga gitaa wa jazz huko Los Angeles, tena mwalimu wa gitaa. Mwaka 1963 aliitwa studio kurekodi, mpiga besi akakosa kutokea, mama akaombwa ashike. Hakurudi nyuma. Yeye mwenyewe amekadiria kwamba ameshiriki rekodi zipatazo 10,000.

Na hapa kwetu Afrika, Bakithi Kumalo wa Soweto alianza akiwa na miaka saba tu, alipojaza nafasi ya mpiga besi kwenye bendi ya mjomba wake. Mwaka 1986 dunia nzima ilimsikia kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon.

Njia ya pili: kitu kimeharibika

Larry Graham alikuwa akipiga na mama yake mzazi, ambaye alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Larry alipiga gitaa, huku miguu yake ikikanyaga pedali za kinanda kutoa sauti ya besi. Siku moja kinanda kikafa. Akakodi besi kwa muda tu, akitegemea kuirudisha kinanda kikitengemaa. Hakikutengemaa. Baadaye mama akaamua waendelee bila mpiga drams, wakabaki wawili. Sasa Larry afanyeje? Akaanza kuupiga uzi kwa kidole gumba kufidia ile ngoma kubwa ya mguuni, na kuuvuta uzi mwingine kwa kidole cha pili kufidia ile ngoma ndogo. Mtindo huo aliingia nao kwenye Sly and the Family Stone, na sasa unapigwa duniani kote. Kumbuka ulitokana na uhaba.

Jaco Pastorius alikuwa mpiga drams. Akiwa na miaka 13 aliumia kifundo cha mkono akicheza mpira wa Kimarekani, na mkono haukurudi sawa kwa kazi ile. Bendi aliyokuwamo ilipompata mpiga drams mwingine aliyemzidi, na mpiga besi akawa ameondoka, Jaco akahamia besi. Albamu yake ya mwaka 1976 ndiyo wapiga besi wengi wanaitaja mpaka leo.

Njia ya tatu: sikio limependa

Wapo pia walioifuata besi kwa mapenzi. Richard Bona, aliyezaliwa Kamerun mwaka 1967, alikulia kwenye balafoni, tena alijitengenezea gitaa kwa nyaya za breki za baiskeli. Akiwa kijana huko Douala, alipata kazi kwenye klabu ya Mfaransa mmoja aliyekuwa na sahani nyingi za jazz. Humo akakutana na ile albamu ya Jaco. Ndiyo iliyomhamishia kwenye besi moja kwa moja. Ona mnyororo huo, bwana: mkono ulioumia Florida ukaja kumpata kijana Douala.

James Jamerson yeye alijifunza lile fidla kubwa akiwa shuleni Detroit, kisha akahamia besi ya umeme mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mistari yake ndiyo uti wa mgongo wa nyimbo nyingi za Motown. Alivuta nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia! Lakini kwa miaka mingi majina ya wapigaji hayakuchapishwa kwenye sahani hizo. Yalianza kuonekana mwaka 1971, kwenye What's Going On ya Marvin Gaye. Jamerson alifariki mwaka 1983, na mamilioni waliocheza kwa vidole vyake hawakuwa wakimjua jina. Hili nalisema wazi ili mtu asije akasema sikumwambia: besi haina sifa nyingi za haraka.

Na bendi za kwetu?

Bendi zetu za dansi ziligawana kazi: solo, rithim, besi. Mara nyingi vyombo havikuwa vya mwanamuziki, vilikuwa vya bendi au vya mwenye bendi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo nafasi ilikuwa nafasi kweli: kama kiti cha solo kina mwenyewe, unashika kilicho wazi. Sikiliza "Sina Makosa" ya Les Wanyika, halafu mfuate Tom Malanga peke yake kwenye besi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Au chukua benga yoyote ya Kijaluo, uone besi inavyokimbia, haikubali kuachwa nyuma na solo. Ukishafanya hivyo, lile neno la "aliyeshindwa" utalimeza.

Zoezi la wiki moja

Kama unajua gitaa kidogo, uko nusu ya safari. Kama hujui kabisa, pia sawa.

1. Tafuta C: uzi wa A, freti ya tatu. F: uzi wa E, freti ya kwanza. G: uzi wa E, freti ya tatu. Kwa noti hizi tatu unaweza kusindikiza nyimbo nyingi za dansi zilizo kwenye C.

2. Kila noti ina rafiki yake wa tano. Hamia uzi mwembamba unaofuata, songa mbele freti mbili. Kutoka C utaangukia G, kutoka F utapata C, kutoka G utapata D. Piga noti, kisha rafiki yake, kisha rudi.

3. Washa wimbo, usiwasikilize waimbaji. Tafuta ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu, upige pamoja nayo. Besi na ngoma hiyo ni kama mume na mke, wakigombana nyumba nzima haikaliki.

4. Acha nafasi. Noti usiyoipiga ndiyo inampa mcheza dansi pa kuweka mguu.

Dakika 20 kila siku zinatosha. Na wanaokaa hosteli wavae hedfoni, maana besi inapita ukutani na majirani wana mitihani.

Mwezi uliopita nilikuwa na mtihani, wenzangu wakafanya mazoezi bila mimi na kurekodi kwa simu. Magitaa yalikuwa safi, mmoja mmoja. Pamoja, kila mtu alikuwa na mwendo wake, na mwimbaji anasikika akiuliza, "Jamani, tuko wapi?" Kwenye Usiku wa Afrika swali hilo litaulizwa mbele ya watu, na bendi iliyojengwa na waliotutangulia itafia hapo.

Besi na amplifaya ni mali ya jumuiya, havisafiri na mimi. Mazoezi ni kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni, chumba kilekile cha muziki. Nimebakiwa na wiki tisa, na C, F na G zinafundishika kwa moja. Dada zetu pia karibuni sana. Carol Kaye hakuomba ruhusa kwa mtu. Njoo hata kama hujawahi kushika uzi, kucha tu ukate.