Dondoo Muhimu: Kumtambua Ndege kwa Picha

Mpiga picha anayetaka wapenzi wenzake wa ndege wamsaidie kutambua spishi, yaani aina mahususi ya kiumbe, awapelekee picha kadhaa badala ya ile moja iliyopendeza zaidi, kwa kuwa picha hafifu inayoonyesha mkia uliokunjuliwa mara nyingi hufaa kuliko picha safi ya ndege aliyeuficha. Mahali na mwezi viandikwe pia.

Umuhimu wa mwezi huonekana kwa mwewe wa Afrika Mashariki. Mwewe mwenye mdomo wa njano huzaliana barani Afrika, ilhali mwewe mweusi huhamia huku kutoka Ulaya na Asia na huonekana hasa kati ya Oktoba na Machi. Hata hivyo, mdomo mweusi pichani si ushahidi wa kutosha, kwani mwewe mchanga wa aina ile ya kwanza naye huwa na mdomo mweusi, na kwa hiyo ni lazima kichwa, ambacho kwa mgeni huelekea weupe wa kijivu, na panda ya mkia, yaani mkato wa katikati ya ncha yake, vichunguzwe pamoja.

Rangi za picha zisibadilishwe kabla ya kutumwa. Anayejibu kwa kutaja jina pekee aombwe kueleza alama alizoziona, na alama hizo zikikosekana, ni heri ndege aandikwe mwewe tu. Mahali penye kiota pasitangazwe kamwe, kwa maana wazazi wanaosumbuliwa huweza kuyatelekeza mayai.