Stivin au Stefen? Vidokezo vya Kulitamka Jina Stephen Bila Kubabaika

Orodha ya majina iko mkononi, kipaza sauti kimewashwa, na jina linalofuata ni Stephen. Tulia! Uwe MC wa harusi, mwalimu wa zamu, karani wa mapokezi au msomaji wa matangazo kanisani, jina hili utakutana nalo tena na tena, na kulipatia ni kazi ya dakika chache tu. Twende kazi.

1. Ukiona ph, jaribu v kwanza

Akina Stephen wengi wanaozungumza Kiingereza huitwa "Stivin". Stephen King wa riwaya za kutisha ni Stivin, marehemu Stephen Hawking mwanafizikia alikuwa Stivin, sawasawa na Steven Spielberg anayejiandika kwa v. Mbinu ni hii: anza kusema "stima", katiza kwenye "sti", kisha malizia na "vin". Nguvu zote zipeleke kwenye "sti". Hiyo "vin" ipite upesi na kwa wepesi. Halafu usichomeke i kati ya s na t. Mdomo unaotamka stendi, stoo na stempu kila siku unaiweza "st" vizuri kabisa!

2. Akiwa Curry, rudi kwenye f

Mashabiki wa mpira wa kikapu, hapa ni kwenu. Stephen Curry, nyota wa Golden State Warriors, ni "Stefen", ndiyo maana kwa mkato wanamwita Steph. (Jina lake la kwanza hasa ni Wardell, kama la baba yake.) Herufi ni zilezile saba, sauti mbili, na hakuna aliyekosea. Sauti ya f ndiyo iliyotoka kwenye Kigiriki. V ilizaliwa njiani, jina lilipopitia Kifaransa cha kale na Kiingereza. Wanormani walipoitwaa Uingereza mwaka 1066, jina lilianza kuenea kwa raia, na kati ya 1135 na 1154 mfalme mwenyewe aliitwa Stephen. Midomo ikazoea v, kalamu zikaendelea na ph. Basi, ukisoma Stephen kwenye karatasi, karatasi haikuambii ni sauti ipi.

3. Muulize mwenye jina

Hii ni ya sekunde tano, na mimi naipenda kuliko zote. Kabla shughuli haijaanza, msogelee: "Samahani kaka, nikutaje Stivin au Stefen?" Akiwa mtu mzima: "Shikamoo mzee, jina lako nilitaje vipi?" Akishajibu, chukua kalamu na uandike kwenye kadi yako vile ulivyosikia, kwa herufi kubwa: STIVIN. Utakapoinua kadi mbele ya watu mia tatu, macho yako yatakutana na sauti moja kwa moja, bila hesabu za ph kichwani. Utaona uso wake utakavyochanua!

4. Usimsahihishe shangazi

Kadi inasema Stephen, shangazi anaita "Stefano!" kutoka meza ya nyuma. Mwache, yuko sahihi. Stefano ni yule wa Matendo ya Mitume, mmoja wa watu saba waliochaguliwa kusimamia mgawo wa kila siku wa wajane, aliyeuawa kwa kupigwa mawe. Wakatoliki humkumbuka tarehe 26 Desemba, siku moja baada ya Krismasi. Tena Stefano iko jirani zaidi na Kigiriki, ambako stefanos ni taji, likiwemo lile la majani walilovikwa washindi. Kule Olympia ya kale, mshindi alivikwa taji la matawi ya mzeituni mwitu.

Sasa sikia utamu wake. Siku ya mwisho ya Olimpiki ya London, 12 Agosti 2012, aliyeshinda marathoni ya wanaume ni Mganda Stephen Kiprotich. Aliwaacha Wakenya wawili, Abel Kirui na Wilson Kipsang, akamaliza kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Uganda ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki tangu John Akii-Bua mwaka 1972. Jina la taji, kwenye mbio za Olimpiki zenyewe! Kama unatafuta maneno mawili matatu ya kumsifu Stephen wako kwenye mahafali, umeshayapata.

5. Mgeni akitoka Kongo, sema Étienne

Ndiyo, ni jina lilelile kwa Kifaransa. Tamka "Etien", nguvu mwishoni. Huko Kinshasa lilivuma kwa Étienne Tshisekedi, mwanasiasa mkongwe wa upinzani. Wahispania wanasema Esteban, Wahungaria István. Binti naye ni Stephanie, na hapo f haibadiliki, kwa hiyo pumua.

6. Kwenye fomu, herufi kwa herufi

Jukwaani tulifuata sikio. Kwenye fomu tunafuata kitambulisho. Stephen, Steven, Stephan, Stefano na Stephano ni majina matano tofauti machoni pa benki, pasipoti na tiketi ya ndege. Kabla hujabonyeza kutuma, mwombe mwenye jina akutajie herufi moja moja, nawe uzirudie kwa sauti: S, T, E, P, H, E, N.