Seli Zinazoituliza Kinga ya Mwili

Mtaalamu wa elimu ya kinga anajibu maswali ya wasomaji kuhusu seli za T za udhibiti.

Daktari, mimi nahudhuria kliniki ya CTC, ya wanaoishi na VVU. CD4 naifahamu kwa sababu nimepimwa. Hizi seli za udhibiti ni kitu kingine?

Ziko humo humo. CD4 ni alama iliyo juu ya seli, na seli za kazi mbalimbali huwa nayo. Unapoambiwa CD4 yako ni 600, zimehesabiwa zote kwa pamoja. Katika damu ya mtu mzima, kati ya kila seli 100 za CD4, kama 5 hadi 10 ni za udhibiti. Hizo hazipambani na kijidudu chochote. Kazi yao ni kuzituliza seli nyingine za kinga. Na hili ningependa lishikwe vizuri: kinga haitulii yenyewe eti kwa kuwa adui ameondoka. Ipo kazi inayofanyika usiku na mchana ili itulie.

Lakini kwa nini kinga ya mtu imshambulie mwenyewe? Haimjui?

Seli za T, ambazo seli za CD4 ni miongoni mwao, hupata vipokezi vyake vya kumtambua adui kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa kubahatisha. Ndiyo sababu tunaweza kupambana hata na virusi ambavyo mababu zetu hawakuwahi kukutana navyo. Kubahatisha huko huko, hata hivyo, huzaa pia seli zinazolenga kongosho, ngozi au viungo vya magoti. Nyingi ya hizo hufia kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, kabla hazijaingia katika damu. Nyingine huponyoka. Mtu mwenye afya njema kabisa anatembea na seli zenye uwezo wa kumdhuru.

Nilisikia zilipewa tuzo ya Nobel. Ziligunduliwa vipi?

Kisa hiki ni kirefu, na kinastahili kusimuliwa bila haraka.

Mwaka 1969 watafiti wa Japani, Nishizuka na Sakakura, waliwatoa thaimasi panya wachanga wa siku 3. Kwa kuwa thaimasi ndiyo inayokuza seli za T, mtu angetarajia kinga yao idhoofike tu. Kumbe ovari zao zilishambuliwa na kuharibika. Panya waliotolewa tezi hiyo baada ya siku 7 hawakupatwa na jambo hilo. Maana yake, katika siku za mwanzo thaimasi hutoa kitu kinachozuia mashambulizi, na panya wa siku 3 walikuwa wamekikosa.

Miaka ya 1970 wanasayansi wengi walidai kuziona seli hizo zinazozuia. Madai yalizidi ushahidi, na katika miaka ya 1980 somo zima likapoteza heshima. Shimon Sakaguchi hakuliacha. Mwaka 1995 alionyesha kwamba seli za CD4 zenye alama nyingine, CD25, ndizo zinazotuliza. Alichukua seli za panya, akaziondoa zenye CD25, zilizobaki akawapa panya wasio na seli za T. Panya hao wakashambuliwa na kinga katika thairoidi, tumbo na viungo vingine. Aliporudisha zile za CD25 mapema, ugonjwa ukazuilika. Huo ulikuwa ushahidi ambao kila maabara ingeweza kuujaribu upya.

Upande wa pili uko Marekani. Katika miaka ya 1940, kwenye maabara ya Oak Ridge huko Tennessee, walizaliwa panya dume wenye ngozi ya magamba na wengu uliovimba. Waliishi wiki chache tu. Katika miaka ya 1990, Mary Brunkow na Fred Ramsdell, wakifanya kazi katika kampuni ya dawa jimboni Washington, waliamua kuitafuta jeni yenye hitilafu. Walijua iko katika kromosomu X. Wakapunguza eneo la kutafuta hadi zikabaki jeni 20, wakazichunguza moja baada ya nyingine, na kasoro wakaikuta katika ile ya 20. Hiyo ndiyo FOXP3, waliyoitangaza mwaka 2001. Miaka miwili baadaye ikathibitika kwamba FOXP3 ndiyo inayoifanya seli iwe ya udhibiti. Watatu hao walipewa tuzo mwaka 2025.

Kuna binadamu anayezaliwa bila seli hizo?

Wapo, ingawa ni nadra sana. Kwa kuwa jeni ya FOXP3 iko katika kromosomu X, wanaougua ni watoto wa kiume. Mtoto huanza kuharisha kusikokoma akiwa na wiki au miezi michache, ngozi inachubuka, na mara nyingi ana kisukari katika umri ambao hakuna anayekifikiria. Asipotibiwa, wengi hufa wakiwa wadogo. Kupandikizwa uboho kunaweza kumponya.

Zinatulizaje hasa?

Kwa njia kadhaa. Seli zinazoshambulia huhitaji protini iitwayo intalukini-2 ili ziongezeke, na seli za udhibiti huifyonza zikawaacha wenzao na njaa. Kwa protini ya CTLA-4 hunyofoa ishara za kuchochea kutoka kwenye seli zinazozionyesha seli za T sura ya adui. Pia hutoa kemikali za kutuliza, kama intalukini-10.

Mimi ni mtu wa pwani. Kuna uhusiano wowote na magonjwa yetu?

Upo, na matende ndiyo mfano ulio wazi. Watu wengi wenye vimelea vya matende, yaani minyoo midogo ambayo hujaa katika damu wakati wa usiku, hawana uvimbe wowote. Kinga yao kwa vimelea hivyo imetulizwa, na seli za udhibiti zinahusika. Kwa walio na miguu iliyovimba, mara nyingi hali ni kinyume: vimelea katika damu ni vichache au hakuna, ila kinga inawaka, na mirija ya limfu inazidi kuumia. Kwa hiyo utulivu huo unamnufaisha mtu na mnyoo pia, maana mnyoo hupata kuishi miaka. Asiyevimba asikatae dawa zinapogawiwa mtaani. Mbu humwambukiza jirani kutoka kwake.

Saratani nayo hutumia mlango huo. Uvimbe mwingi wa saratani huzivuta seli za udhibiti, na kinga iliyofika kuushambulia inazuiwa.

Je, dawa za kuongeza kinga zinazouzwa mitandaoni na stendi zinasaidia?

Nawasihi mwe na tahadhari. Anayekuahidi kinga kali aulizwe kali dhidi ya nani. Mwenye lupasi, baridi yabisi au pumu ya mzio hana upungufu wa ukali. Chakula chenye nyuzinyuzi, kama maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, kina msingi wa kisayansi: bakteria wa utumbo huzichachusha nyuzinyuzi, na katika panya imeonekana kwamba kemikali wanazotoa huongeza seli za udhibiti utumbo mpana. Hata hivyo, sitasema maharage yanatibu lupasi.

Nina lupasi na natumia prednisoloni. Kwa nini nisipewe hizo seli? Na nikipata nafuu, niache dawa?

Majaribio yanaendelea: seli za mgonjwa zinachukuliwa, zinazidishwa maabara, anarudishiwa. Bado si tiba ya kliniki za kawaida. Prednisoloni haichagui, hushusha kinga yote, nzuri na mbaya. Usiiache ghafla, kwani ukiitumia muda mrefu tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yao, na unaweza kuzidiwa vibaya. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Homa hata iwe ndogo, nenda upimwe mapema. Na kabla ya kuchanjwa homa ya manjano kwa ajili ya safari, mwambie mhudumu kwamba unatumia dawa hiyo, kwa sababu chanjo ile ina virusi hai.