Mzoga, Kimeta na Hekima ya Sheria



Mtu aingiapo katika Uislamu kutoka katika jamii ya wafugaji, mara nyingi jaribio lake la kwanza haliji msikitini, bali huja nyumbani kwa baba yake. Ng'ombe amekutwa amekufa zizini alfajiri. Wazee wamekwisha mchuna, nyama imegawiwa, naye kijana anaitwa ale pamoja na ndugu zake. Akikataa, huambiwa kwamba dini mpya imemfundisha kiburi. Ajibu nini?

Kurani Tukufu imeharimisha mzoga waziwazi (Sura Bakara 2:174). Wako wanaodhani kwamba hilo ni sharti la ibada tu, lisilohusiana na afya ya mwili. Lakini sisi tunaamini kwamba neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani. Tena Seyidna Ahmad a.s., katika hotuba yake iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896, alieleza kwamba chakula cha mtu huathiri mwili wake na hata tabia zake. Na tuutazame ukweli huu katika nchi ya Ngorongoro na Karatu.

Kimeta ni nini?

Katika Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, mifugo ya wenyeji hula majani pamoja na nyumbu na pundamilia. Nchi hiyo ni miongoni mwa sehemu ambazo ugonjwa wa kimeta hurudi mara kwa mara. Mwishoni mwa mwaka 2016 ulizuka pia Selela, wilayani Monduli, si mbali na Karatu, ukaua nyumbu na mifugo.

Kimeta huletwa na bakteria. Mwaka 1876 mganga Mjerumani, Robert Koch, alionyesha jinsi vijidudu hivyo vinavyoishi. Mzoga upasuliwapo na damu ikakutana na hewa, vijidudu hujigeuza kuwa mbegu ngumu, ambazo hukaa udongoni miaka mingi zikingoja mnyama mwingine. Basi kisu kinachopasua mzoga hupanda maradhi ya miaka ijayo. Sheria ya kujitenga na mzoga ilikuwapo zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Koch!

Dhana zisizo sahihi

Dhana ya kwanza: "Nyama ikichemshwa sana haina madhara." Moto wa chungu hauaminiki kuziua mbegu zote zilizo ndani ya minofu mikubwa. Isitoshe, hatari huanza kabla ya kupika. Watu wengi huambukizwa kwa ngozi, wakati wa kuchuna na kukata. Hutoka kipele, kikawa kidonda kisichouma, chenye uvimbe kandokando na weusi katikati. Kwa kuwa hakiumi, hupuuzwa.

Dhana ya pili: "Tukiwahi kumchinja kabla hajakata roho, basi ni halali." Ndugu, hapa wengi wetu hujikwaa. Kurani Tukufu haikutuamuru tule kilicho halali tu, bali kilicho halali na kizuri pia (2:169). Kuchinja hakuondoi ugonjwa. Mnyama aliyezidiwa ghafla na maradhi yasiyojulikana asichinjwe ili aliwe. Aitwe mganga wa mifugo.

Dhana ya tatu: "Ngozi yaweza kuchukuliwa, kwani imeruhusiwa." Ni kweli kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. aliruhusu ngozi ya mnyama aliyekufa itumike baada ya kutengenezwa. Lakini ruhusa si amri, na Mwenyezi Mungu ametukataza kujitupa katika maangamizo (2:196). Mnyama akifa ghafla, tumbo likavimba upesi, na damu isiyoganda ikatoka puani au sehemu nyingine za wazi, asichunwe wala asipasuliwe. Maofisa wa mifugo wapewe habari, naye azikwe katika shimo refu au achomwe.

Dhana ya nne: "Ni uchawi wa jirani." Tumekatazwa kufuata tusiyo na ujuzi nayo (17:37). Kumshutumu jirani huvunja undugu, na vijidudu vikabaki zizini vilevile. Mifugo ichanjwe kila mwaka, na mtu mwenye kidonda cha namna hiyo akimbilie hospitali. Dawa za kuua bakteria humponya akiwahi. Kumtegemea Mungu hakumzuii mtu kutafuta dawa, kwani Mtume s.a.w. mwenyewe aliwahimiza watu wajitibu.

Je, mwenye njaa?

Huenda msomaji akauliza: Maskini aliyepoteza ng'ombe wake wa pekee atakula nini? Aya ile ile iliyoharimisha mzoga imemsamehe aliyeshikwa na dharura. Lakini mara nyingi kinachomsukuma mtu si njaa ya kufa. Ni uchungu wa kupoteza mali. Uchungu huo ni wa kweli, nasi tusiudharau. Jirani anayesema "ni haramu" kisha akaenda zake ametimiza nusu tu ya wajibu wake. Ampelekee debe la mahindi na maharage, ndipo maneno yake yatasikilizwa.

Basi kijana wetu asisimame mbele ya baba yake kama hakimu. Aseme kwa adabu: "Baba, siukatai mkono wako unaonilisha. Naogopa ugonjwa usikuchukue wewe na wadogo zangu." Kisha ashike jembe, asaidie kuchimba shimo la kumzikia mnyama, ila mzoga wenyewe asiuguse kwa mikono mitupu. Huenda baba asikubali siku hiyo. Lakini atakuwa ameona kwamba dini ya mwanawe haikumfundisha kiburi, bali huruma.

Mwenyezi Mungu atujaalie kula vilivyo halali na vizuri, na atulinde sisi na jirani zetu. Amin.